Ashikwe Apone

Wavinya hakuwa mtu wa kwenda kwa chifu. Alikuwa mtu wa kuuza sukuma wiki pale Kimbo, karibu na steji, na kisu chake kilikuwa na sifa: akikukatia mboga, inatoka nyembamba mpaka unaona haya kuipika haraka. Mambo ya nyumbani kwake aliyafunika. Lakini mwanawe Muli alikuwa ameuza mtungi wa gesi, akauza redio ya marehemu baba yake, kisha akauza viatu vya mama vya kanisani, vikiwa bado na matope ya Jumapili. Vyote viliishia kwenye tembe za kulevya na bangi. Utafunika nini hapo?

Hakuwa kijana mbaya. Hilo Wavinya angekwambia hata kama hujamuuliza. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Akishameza zile tembe alilala tu mlangoni, na mama akamruka akienda kuteka maji.

Waceke, jirani yake wa kibanda, ndiye aliyeleta habari. Mwanawe yeye alishikwa na bangi, akakiri kortini, na badala ya kufungwa akapelekwa kwenye nyumba ya matibabu upande wa Thika. Kulikuwa na mpango, na gharama ililipwa na mfadhili. Kijana alirudi na mashavu, sasa anaosha magari Ruiru.

"Basi na mimi nitampeleka Muli," Wavinya akasema.

"Haumpeleki, mama Muli. Hapo ndio kuna shida. Hiyo ni ya wale wameshikwa tu. Ukienda mwenyewe, hata ukiuza hiki kibanda haitoshi."

Jamani, mgonjwa apitie seli ndipo apate kitanda! Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Wavinya aliomba, akalia, akaomba tena. Kisha asubuhi moja, Muli akiwa amelala, alisimama nyuma ya kibanda na kumpigia chifu simu.

"Yuko nyumbani," akasema. "Tembe ziko ndani ya mto anaolalia. Tafadhali wasimpige."

Polisi walipompitisha Muli kwa pingu, Wavinya alilia mbele ya majirani, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Kortini alipata nafasi ya kumnong'oneza. "Wakikusomea mashtaka usibishane. Sema ni kweli. Utapelekwa utibiwe."

Muli, ambaye kwa muda mrefu hakuwa amemsikiza mama yake kwa lolote, siku hiyo alimsikiza. "Ni kweli," akamjibu karani.

Hakimu akauliza kama kuna nafasi kwenye mpango wa matibabu. Afisa wa probesheni alisimama, akajikuna shingo. Mfadhili ameacha kutoa pesa, akasema. Nyumba ile haipokei tena mtu kutoka kortini, na hata waliokuwa humo wamerudishwa. Kifungo cha nje nacho Muli alishapewa zamani, akakitoroka. Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasoma: mwaka mmoja na nusu jela.

Wavinya alipiga mayowe mpaka askari akamtoa nje. Alitaka kuwaambia simu ile ilikuwa yake, kwamba hakuipiga kwa sababu hii, kwamba wamrudishie mtoto wake aendelee kumruka pale mlangoni. Nani angemsikiliza? Waceke alimshika mkono, akaapa kwamba mpango ule ulikuwepo. Wavinya alijua ulikuwepo, na ndiyo maana roho ilimuuma zaidi.

Mara ya kwanza alipomtembelea gerezani, walikaa na waya katikati. Muli alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa yale yale mazito.

"Bado unameza?"

"Mathe, huku zinapatikana haraka kuliko Kimbo."

Muli akasogeza uso karibu na waya.

"Kuna mtu alinichoma kwa makarao, akawaambia niko wapi. Nimefikiria sana. Ni Njau. Huyo tulikuwa tunakula naye sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Si Njau."

"Ni yeye. Nikitoka nitamdunga kisu, na nirudi huku nikiwa nimetulia."

Alilisema bila hasira, na hapo ndipo Wavinya alipoingiwa na hofu. Huyu hakuwa Muli aliyemjua. Angeweza kunyamaza, mtoto akaendelea kumpenda. Lakini Njau naye ana mama.

"Ni mimi nilipiga simu, Muli. Niliambiwa ukishikwa utatibiwa."

Muli alicheka kidogo, akingoja naye acheke. Wavinya hakucheka. Kijana akainuka, akamwita askari, na kumwambia kwamba mgeni wake ameshaenda.