Stefania wa Sinema

Jina hilo hakujipa mwenyewe, wala hakulipenda. Alipewa na watu ambao hawakuwahi kumwona ila kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya nguzo mbili, akaishi nalo mpaka wengi wakasahau kwamba alikuwa na jina la baba. Baba yake alikuwa Valentini, mkulima wa uwanda wa juu wa Wamakonde, kule ambako mwanamke hushuka mteremko mzima kutafuta ndoo moja ya maji kisha akapanda nayo kichwani. Stefania alikulia kwenye kazi hiyo. Shingo yake ilikuwa imenyooka, na maneno yake yalikuwa machache. Hata kanisani aliimba chini chini, kama anayeogopa kusikika.

Aliolewa na Severini, fundi mwashi aliyefundishwa kazi na mapadri. Wakashuka mjini Lindi, wakapanga chumba mtaa wa Mtanda. Severini alijenga kuta za watu, Stefania akamchotea maji ya kukandia. Walizaa mara mbili na mara mbili wakazika. Baada ya hapo hawakuzaa tena, na jambo lenyewe hawakulizungumza.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, Severini alikabidhiwa mashine ya chuma yenye mpini mrefu, akapelekwa kwenye kijiji kipya kilichopimwa upande wa Nyangamara. Ilikuwa mashine ya kufyatulia matofali. Unaijaza udongo mwekundu uliochekechwa na kuchanganywa na saruji kidogo, unaulalia mpini kwa uzito wako wote, na tofali linatoka limeshikana kama jiwe. Halitaki kuni za kuchomea. Unalifunika majani, unalinyunyizia maji siku kadhaa, basi. Debe moja la saruji kwa madebe kumi na tano ya udongo, na mkulima asiye na kitu analala kwenye nyumba ya tofali. Severini aliipenda mashine ile. Jioni aliifuta mafuta na kuifunika gunia, kama vile ingeweza kupata baridi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa yao wenyewe, iwe ya mfano. Masika ya mwaka uliofuata yalipokuja, Stefania alilala usiku kucha mvua ikipiga, na asubuhi akapitisha kiganja ukutani kukawa kukavu. Alifurahi kimya kimya. Tangu azaliwe alikuwa hajakaa kwenye nyumba ambayo ukuta wake hausilibwi upya kila kiangazi.

Jirani yake wa karibu alikuwa Bi Mwanasha, mjane wa Kimwera aliyehamishwa kutoka kwenye mikorosho yake pamoja na mjukuu wake wa miaka sita, Mwanaima. Mama wa mtoto alikuwa amefariki. Mwanaima alikuwa na desturi ya kuja kwa Stefania asubuhi kabla hata hajanawa uso, anakaa kwenye kizingiti na kusema, "Shikamoo mama, leo tunapika nini?" Stefania alimjibu marahaba na kumpa kiazi cha jana. Mwanamke yule ambaye hakuwa na maneno alikuwa na maneno kwa mtoto huyo.

Mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na tano, habari ikaja kwamba wapiga picha wanakuja kutoka Dar es Salaam kutengeneza sinema ya nyumba bora. Mwenyekiti wa kijiji alimwita Severini.

"Wanataka safu," alisema. "Nyumba moja haipendezi kwenye picha. Nahitaji kumi na mbili."

"Saruji imebaki mifuko miwili, Ndugu Mwenyekiti."

"Nyingine inakuja."

"Ikija nitajenga."

"Ndugu Severini," mwenyekiti akasema taratibu, "mashine hiyo inaweza kwenda kijiji kingine. Na fundi wake pia anaweza kwenda kwingine, sijui wapi."

Saruji haikuja. Severini alifyatua matofali ya udongo mtupu, wanakijiji wakapandisha kuta, kisha akasiliba nje kwa mchanganyiko mwembamba wa saruji iliyobaki na kupaka chokaa juu yake. Kwa macho hukuweza kutofautisha nyumba ile na hii. Stefania alijua. Ni yeye aliyekanyaga udongo ule kwa miguu yake, na miguu haikuwasha jioni kama ilivyokuwa ikiwasha kwenye saruji.

"Masika yakifika?" alimuuliza mumewe.

"Kabla ya masika saruji itakuwa imefika. Tutapiga lipu ya maana."

Nyumba ya nne katika safu ilikuwa ya Bi Mwanasha. Bibi hakuitaka. Alikuwa na kibanda chake cha fito na udongo, alichokikandika mwenyewe, na alikiamini. Wakati watu wa kamati ya kijiji wamesimama nje wakisubiri kukibomoa, alimvuta Stefania pembeni.

"Mwanangu, wewe hunifichi. Hii wanayonipa ni kama ile yako?"

Stefania alimtazama mwenyekiti aliyekuwa hatua chache kutoka hapo. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinama akisafisha mwiko uliokwisha kuwa safi.

"Ni kama yangu, mama," akasema.

Wapiga picha walikuwa watatu. Mkubwa wao aliitwa Kibwana, kijana wa mjini mwenye suruali pana miguuni, mpole, mwenye kuwaamkia wazee vizuri. Alimtaka Stefania asimame mlangoni kwake na kusema sentensi moja: "Mvua inyeshe, mimi nalala." Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili akatazama chini. Ya tano kuku alipita. Mara ya nane Mwanaima, aliyekuwa amejificha nyuma ya yule mwenye kamera, alitoa ulimi, na Stefania akacheka kicheko kamili cha mwanamke aliye nyumbani kwake, akaisema sentensi hiyo huku kicheko hakijamtoka.

"Hapo hapo!" Kibwana alipiga makofi. "Mama, hiyo hata ningekulipa usingeirudia."

Kisha wakapiga picha ya safu yote, nyumba kumi na mbili nyeupe, na watoto wakaambiwa wakimbie mbele yake.

Masika yalikuja, saruji bado. Siku ya tatu ya mvua isiyokatika, chokaa ilianza kubanduka vipande vipande, na matofali ndani yakanywa maji. Alfajiri ya siku ya nne Stefania alisikia mshindo usio mkubwa, kama gunia la mahindi linalotupwa chini. Alitoka mbio. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya nne ulikuwa umelala ndani, na paa la makuti limefuata. Walichimba kwa majembe, kisha kwa mikono kwa kuogopa majembe. Bi Mwanasha walimtoa hai, mguu umevunjika mahali pawili. Mwanaima alikuwa chini ya ukuta wenyewe. Udongo ulikuwa umerudi tope, ukamshika, ikabidi wamvute.

Alizikwa siku ile ile, mvua ikinyesha. Siku saba Stefania hakuthubutu kuingia alikolazwa bibi. Ya nane akaenda, na uji kwenye bakuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mwanasha alipokea bakuli, akanywa kidogo, akaliweka chini. "Uliniambia ni kama yako."

Alisema mara hiyo moja tu. Hakuwahi kulirudia mpaka kufa kwake, na kila Stefania alipokwenda alimpokea, akamwitikia salamu, akanywa uji. Stefania angeona afadhali kutukanwa.

Ilikuja kamati ya watu wanne kutoka wilayani, wenye makoti ya mvua. Waliandika kwamba fundi hakufuata maelekezo. Severini hakujitetea. Mashine ilipakiwa kwenye gari na kuondoka na gunia lake, na yeye akaanza kushinda kwenye pombe ya mabibo, anarudi anakaa uani. Nyumba saba kati ya zile kumi na mbili zilikwisha kuanguka au kubomolewa. Watu walirudia fito zao.

Mwezi wa saba gari la sinema likafika. Walikuwa wamelisahau. Mwendeshaji, mtu mzima mmoja aitwaye Leonadi, alifunga shuka kwenye uwanja wa shule, jenereta ikanguruma, na jua lilipotua kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini. Bi Mwanasha alikuja na magongo yake, akataka kukaa mbele. Stefania akakaa naye.

Ikaanza muziki, kisha sauti nene ya mwanamume ikieleza juu ya udongo na saruji. Severini akatokea akilalia mpini, kijana, mikono imejaa nguvu. Watu hawakushangilia. Kisha Stefania akajiona mlangoni, uso mkubwa kuliko nyumba, anacheka. *Mvua inyeshe, mimi nalala.* Mtu mmoja nyuma akaguna. Na baada ya hapo ikaja safu nyeupe, kumi na mbili, zote zimesimama, na watoto wakikimbia. Wa mbele alikuwa Mwanaima. Alikimbia mpaka karibu kabisa na watu, akageuza uso, akawatazama, akapita.

Jenereta iliendelea kunguruma.

Bi Mwanasha alimshika Stefania mkono, na kucha zikaingia. "Waambie wamrudishe."

"Mama..."

"Wamrudishe. Amepita sasa hivi, hajafika mbali. Waambie."

Stefania alikwenda mpaka kwenye gari. Leonadi alimsikiliza, akavua kofia, akasema mkanda ukishaanza haurudi nyuma mpaka umalizike. Ulipomalizika aliuonyesha tena ule mwisho, kwa huruma yake. Bi Mwanasha akataka tena. Mara ya tatu wanawake walimbeba wakamwondoa.

Watu walipotawanyika, Stefania alibaki.

"Baba, usiipeleke kwingine sinema hii."

"Mimi ni wa kuzungusha mkanda tu, mama. Ratiba imeandikwa. Kutoka hapa ni Kilwa, mpaka kijiji cha Kikole."

"Ile sentensi si ya nyumba zile. Ni ya nyumba yangu peke yake."

"Ungewaambia waliokupiga picha," Leonadi alisema. Hakusema kwa ukali.

Wiki tatu baadaye Stefania alipanda lori la kwenda kaskazini, upande wa Kilwa. Hakuaga mtu ila mumewe, na mumewe hakuitika. Barabara ilikuwa mbaya. Alilala njiani siku mbili juu ya magunia, akashuka njia panda na kumalizia kwa miguu. Alipokuwa akiuliza njia ya kwenda Kikole, mwanamke aliyekuwa akipepeta mtama alimtazama, akaweka ungo chini, akapiga kelele.

"Jamani! Yule wa sinema!"

Walimjia mbio, na watoto wao mgongoni. Walimshika mikono, walimgusa kanga. Wakampeleka kwa mwenyekiti wao, Mzee Abdurahmani, aliyesimama kumpokea kama mgeni wa serikali na kuagiza kuku achinjwe. Na njia nzima Stefania aliyaona: matofali, mamia kwa mamia, yamepangwa uwanjani chini ya majani, na nyuma yake vibanda vya zamani vimekwisha kubomolewa, miti imerundikwa kuwa kuni.

Alipitisha kidole juu ya tofali moja. Likaacha unga mwekundu.

"Saruji mmepata wapi?"

"Itakuja," Mzee Abdurahmani alisema.

Hapo akawaambia. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo tangu azaliwe. Aliwaambia udongo mtupu unakunywa maji, alieleza ukuta wa nyuma, paa, mtoto aliyevutwa kwenye tope. Alitaja jina la mtoto. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha mzee akatikisa kichwa.

"Mama, tumekuona kwa macho yetu. Umesimama mlangoni unacheka. Na huyo mtoto tumemwona anakimbia."

"Amekufa."

"Tumemwona mwezi uliopita."

Mtu wa maendeleo aliyekuwa pale, kijana mwenye daftari, alisema kuna watu wanaotumwa kuvunja moyo wananchi, na kwamba mama huyu aangalie sana. Wanawake hawakumjali. Mmoja alimwambia Stefania, kwa mapenzi kabisa, "Dada, hebu tusemee. Ile yako. Mara moja tu, tukusikie."

"Semaaa!" wengine wakaitikia, na vigelegele.

Aliwatazama. Walikuwa wanawake kama yeye, miguu imejaa udongo mpaka magotini. Mwanamke mmoja tu, mjamzito, hakupiga kigelegele. Alisogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini: "Kama unasema kweli, dada, sasa tulale wapi? Kile cha zamani tumekwisha kukibomoa."

Stefania alikuwa amekuja na onyo, hakuja na nyumba. Kuku hakumla. Kesho yake mtu wa maendeleo alimpandisha kwenye gari la kwanza lililokwenda Lindi.

Kiangazi kile wakarudi Mtanda, kwenye chumba cha kupanga. Severini hakushika mwiko tena. Watu walikuja kumtafuta kwa kazi, naye aliwaambia fundi huyo alishahama. Bi Mwanasha alikufa mwezi wa kumi na mbili, na habari zikamfikia Stefania baada ya matanga. Yeye akawa anachemsha mihogo na kuiuza kituo cha mabasi, na wasafiri kutoka vijiji vya mbali walikuwa wakimkazia macho, kisha wakagusana. Huyu si yule? Wengine walinunua muhogo ili tu waisikie sauti yake.

Masika yakafika. Basi la Kilwa lilipoingia, alimuuliza abiria wa kwanza aliyetoka upande wa Kikole. Huyo alisema nyumba kumi na moja zimeanguka, lakini watu walikuwa shamba. Wa pili, wiki iliyofuata, alisema si kumi na moja, ni nne, na kuna waliofukiwa, hakujua nani. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye mtoto mchanga. Stefania alisimama akamtazama usoni kwa muda mrefu, asijue kama ndiye yule mjamzito au siye.

"Unatoka Kikole, mama?"

"Hapana," mwanamke alisema, akamvuta mtoto karibu. "Mbona unanitazama hivyo?"

Baada ya huyo hakuuliza tena. Mabasi yaliingia, alisogeza sinia lake, akatazama miguu ya watu, si nyuso zao.