Mahali pa Kujenga Tanuri: Kutoka Ipelele hadi Njombe na Makambako

Sababu ya safari yetu ilikuwa mkate.

Mimi Roda na wifi yangu Tabita tulikuwa tumefanya kazi miaka mingi jikoni kwa mmisionari mmoja mzungu. Tulijifunza kuoka mpaka tukawa tunalijua joto la tanuri kwa kuingiza mkono tu. Mmisionari aliporudi kwao na mkewe, jiko lile likafungwa, nasi tukarudi shambani. Ngano tulikuwa nayo, maana kwetu Ipelele, kwenye milima ya Wakinga, karibu kila nyumba ina shamba la ngano. Waliokosekana ni wanunuzi. Nani anunue mkate mahali ambapo kila mtu ana viazi vyake na ugali wake? Wanunuzi walikuwa Njombe, yaani makarani, walimu na vibarua wa mashamba ya miwati, miti ambayo siku zile za Waingereza ilikuwa bado mifupi kama mahindi. Walikuwa pia Makambako, kwenye njia panda, malori yanakosimama.

Mume wangu, Baba Elia, hakupinga. Lakini binamu yake alikuwa amewahi kujenga kibanda cha duka pembeni mwa mji bila kuuliza mtu. Aliamriwa akibomoe mwenyewe, akarudi nyumbani amebeba mabati kichwani, na kijiji kizima kilimwona.

"Nguvu za kujenga tunazo mara moja tu," aliniambia. "Nenda ukaulize kwanza. Ukishajua ni wapi sheria itatuacha tufanye kazi, mimi nitakuja kufyatua matofali. Ila uwe umerudi kabla ya mavuno."

Basi nikajitungia swali moja, niliulize kila mahali kwa maneno yaleyale: nataka kuoka mkate na kuuza, nifanye nini, nimwone nani, na itachukua muda gani?

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, mimi na Tabita, umande ukiwa umeganda mweupe juu ya majani. Tulibeba mablanketi, viazi vya kuchemsha na mikate sita ya kuonyesha, maana niliona ni vigumu kumweleza karani juu ya mkate bila mkate. Njia ilipanda ikaingia kwenye nyika ya juu, ambako upepo unakupiga ubavuni kutwa nzima na huoni nyumba. Tabita, ambaye hakuwa amewahi kuvuka milima ile, aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa mpaka akaishiwa. Usiku wa kwanza na wa pili tulilala kwa watu wa ukoo wetu. Siku ya tatu mchana tulipata lori lililobeba mbao, tukaketi juu ya mbao hizo mpaka Njombe.

Njombe tulifikia kwa Mama Mligo, mjane wa Kibena tuliyemfahamu kwa mambo ya kanisa. Alitutokea mlangoni mikono ikiwa na unga.

"Kamwene!" alitusalimu kwa Kibena. "Mmekuja kwa miguu? Ingieni kwenye moto kwanza, habari baadaye."

Alipoonja mkate wetu alifumba macho. Kisha akasema, "Huu utauzika. Lakini hapa mjini, wanangu, kila kitu kina karatasi yake. Kesho nendeni boma mapema."

Asubuhi tulikuwa wa kwanza barazani pale boma, kwenye ofisi za wilaya. Karani alikuwa mtu mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Nikamwuliza swali langu. Akaweka kalamu chini, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ndani ya mipaka ya mji, mama, kwanza unaomba kiwanja. Maombi yanakwenda kwenye kamati. Ukipata kiwanja, unaleta ramani ya jengo. Ramani ikikubaliwa, unajenga kwa matofali ya kuchoma, mabati juu, saruji chini. Ukimaliza, Bwana Afya anakuja kukagua. Hapo ndipo unaomba leseni."

"Na kamati inakaa lini?"

"Imekaa juzi. Itakaa tena baada ya mvua."

Tabita akaninong'oneza kwa Kikinga kwamba tukingoja yote hayo tutaoka mkate wa msiba wetu wenyewe. Nilijizuia kucheka. Karani hakuwa na kosa. Alikuwa anatusomea sheria ilivyo, tena kwa subira, na niliporudia kila hatua ili nisisahau, alinisahihisha pale nilipokosea.

Bwana Afya tulimkuta sokoni, anakagua nyama. Nilitarajia mtu mkali. Alikuwa kijana wa Kibena mwenye kaptura na soksi ndefu, na nilipomwuliza kwa nini sakafu lazima iwe ya saruji, aliacha nyama akanigeukia.

"Watu hunijia kuomba niwasamehe saruji. Wewe unauliza sababu?"

"Nataka kujua, nisije nikajenga nusu."

Basi akaeleza. Panya hupenda unga, na sakafu ya udongo huichimba kwa siku moja. Dirisha bila wavu ni mlango wa nzi. Bomba la moshi likiwa fupi, cheche zinaruka hadi kwenye nyasi za jirani. Akaomba karatasi kwa muuza nyama, akachora kwa penseli chumba kizima: tanuri huku, meza kule, maji nje, choo mbali. Akanipa.

"Usafi ni uleule wilaya nzima," alisema. "Jenga hivi popote ndani ya wilaya hii, mimi nitakuja na nitapitisha. Habari ya kiwanja si kazi yangu."

Siku nne tulikaa Njombe, tukiingia ofisi hii na kutoka ile. Nilipata majibu kila nilipouliza, na kila jibu lilikuwa na mlango mwingine nyuma yake. Hata hivyo niliona jambo: waliokwisha kupita milango ile walikaa kwa amani. Fundi cherehani mmoja jirani na Mama Mligo aliniambia alihangaika msimu mzima kupata kiwanja, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa. Alipiga ukuta wake kwa kiganja akinieleza, kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake.

Ijumaa tulidandia lori la viazi kwenda Makambako. Kule hewa ni nyingine. Upepo ni mkavu, vumbi halitulii, na njia zinakutana kutoka Iringa, Mbeya na Songea. Tulipofika tu, malori matatu yalikuwa yamesimama, na watu waliokuwa wakienda kwenye mashamba ya mkonge wameketi kandokando wakitafuna mahindi makavu. Tabita akavunja mkate wetu mmoja vipande, akawagawia waonje. Ulikwisha kabla hajafunga kitambaa.

"Wifi," alisema, "mimi nimefika."

Tulimtafuta Jumbe, mkuu wa pale. Alikuwa mzee mfupi aliyevaa koti la jeshi, na alinisikiliza akiwa amesimama.

"Mnataka mahali? Njooni."

Alitangulia na fimbo yake mpaka kando ya barabara kuu, akahesabu hatua, akachora mistari minne ardhini.

"Hapa. Leteni matofali."

Ilikuwa kama saa moja tangu tushuke kwenye lori! Sikuamini. Njombe siku nne zilinipa orodha, na hapa asubuhi moja imenipa kiwanja, tena mahali ambapo dereva angeweza kununua mkate bila kushuka garini. Tabita alianza pale pale kuonyesha kwa mkono tanuri litakapokaa. Nami, nakiri, nilikwisha kuwaza jinsi nitakavyomtumia Baba Elia habari aanze safari.

Jioni ile tulikaribishwa Mahongole, kwa Mzee Mgaya na mkewe, watu wa kanisa ambao Mama Mligo alituelekeza kwao. Tulipokuwa tukila nikawasimulia kwa furaha. Mzee Mgaya aliuliza ni upande gani wa barabara. Nilipomwambia, akaangaliana na mkewe.

"Kesho nitakupeleka mahali," alisema.

Asubuhi alituongoza kurudi Makambako, hadi kando ya barabara ileile, si mbali na mistari yetu. Palikuwa na mafiga matatu meusi yamezama nusu kwenye majani.

"Hapa nilikuwa na hoteli yangu ya chai," alisema. "Jumbe aliyekuwepo wakati ule alinipa kwa maneno, siku moja, kama wewe. Wakaja watu wa barabara, wakasema nimo ndani ya eneo lao. Nikahama. Nikapewa pengine kwa maneno, nikahamishwa tena. Mara ya tatu mke wangu akasema basi, turudi tukalime. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu."

Niliwaza matofali ya Baba Elia yakibebwa kurudi milimani. Tabita alikuwa ameketi chini, amejishika kichwa.

Lakini sikuwa nimevuka milima ile nirudi na majuto ya mtu mwingine. Nikamwomba Mzee Mgaya anisindikize kwa Jumbe, nikamwomba Jumbe aniandikie karatasi. Uso wake ulibadilika.

"Neno langu halikutoshi?"

"Linanitosha, Baba. Ila mbele ya watu wa barabara siwezi kukubeba wewe mwenyewe. Karatasi naweza kuibeba."

Alichimba ardhi kwa ncha ya fimbo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Mwanangu, ukweli ni kwamba mimi sijui mstari wao unapita wapi. Hawajawahi kuniambia."

"Je, umewahi kuwauliza?"

Mzee Mgaya akakohoa. Nilidhani nimeharibu. Lakini Jumbe alicheka, kicheko cha ghafla, akatupa koti begani.

"Twende tukawaulize."

Nyapara wa barabara alikuwa kambini kwake, karibu na lundo la kokoto. Alishangaa kuona Jumbe, mzee na wanawake wawili wanamjia kwa pamoja. Nilimpa mkate wa mwisho kabla ya kusema lolote. Alichukua kamba yake ndefu, akaja akapima kutoka katikati ya barabara, sote tukimfuata. Kamba ilipita juu ya mistari ya Jumbe, ikaendelea hatua kumi na moja zaidi.

"Mpaka hapa ni petu," alisema nyapara, akapigilia kigingi. "Ng'ambo ya hapa, mimi sina neno."

Jumbe alikwenda akasimama kwenye kigingi kile. Halafu akahesabu hatua zake upya, nyuma ya kigingi, akachora mistari minne mingine. Mimi ndiye niliyeandika karatasi, kwa mwandiko wa shule, nikitumia ukuta wa nyumba ya Jumbe kama meza: mahali, vipimo, kazi ya kiwanja, majina ya mashahidi. Nyapara aliweka sahihi. Mzee Mgaya aliweka dole gumba, na nilimwona akilikandamiza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Jumbe akapiga muhuri wake wa Baraza, akaomba nimwandikie nakala yake.

"Mwingine akija," alisema, "naye nitampeleka kwa kamba."

Jumatatu tulikuwa tena boma Njombe. Karani alisoma karatasi ya Jumbe, akaitazama ramani ya penseli ya Bwana Afya, akaingia ndani, akakawia. Alipotoka alisema Makambako iko nje ya mipaka ya mji, kwa hiyo kamati ya viwanja haihusiki. Tutapewa barua ya kujenga sasa, na leseni baada ya ukaguzi. Akachovya kalamu.

"Jina la mwenye biashara?"

Nilifungua mdomo kutaja jina la Baba Elia, kama desturi ilivyotaka. Nikamwona Tabita anatazama ukutani, amekwisha kujiweka kando.

"Andika mawili," nilisema. "Roda na Tabita."

Karani aliniangalia, akasubiri kama kuna neno jingine, kisha akaandika.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi, ingawa mvua ilitushika nyikani na barua nikaivaa kifuani ndani ya kitambaa cha mkate. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mume wangu. Nilikwenda kutafuta mji wenye masharti machache. Nikaona kwamba Njombe wanakuuliza maswali yote kabla hujajenga, na Makambako hawakuulizi lolote mpaka umejenga. Nilikuwa tayari kuichagua ile iliyonipa jibu la haraka. Afadhali niliyauliza mwenyewe maswali ya Njombe nikiwa Makambako, na tena nashukuru kwamba kila niliyemwuliza, hata aliyekasirika, mwishowe alinijibu.

Baba Elia aliisoma barua mara mbili. Alipofika kwenye majina aliinua macho.

"Mimi simo," alisema.

"Wewe umo kwenye matofali," nilimjibu, naye akacheka, akauliza udongo wa Makambako ukoje.

Tabita hajui kusoma. Jioni ile alinijia jikoni, akaniomba nimwonyeshe jina lake kwenye barua. Nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya herufi ya kwanza, nikakipitisha taratibu hadi ya mwisho. Akakirudisha mwenyewe mwanzoni, akaanza tena.