Priska na Seva ya Yadi ya Mpemba

Priska Nzunda alikuwa ametimiza miaka arobaini alipowekwa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, na hakuiogopa hata kidogo. Wenzake pale yadi walishangaa. Hawakujua kwamba ujana wake aliumaliza kwenye swichibodi ya simu kule Vwawa, visikizio masikioni, akichomeka na kuchomoa nyaya, akiwaunganisha watu wa Mbozi na watu wa Mbeya na Dar es Salaam. Alianza kazi hiyo mwaka themanini na nane, akitokea Ruanda, kijiji cha huko huko Mbozi, kwa wazazi wake waliokuwa wakulima wa kahawa. Baadaye ikaja mitambo mipya, watu wakaanza kupigiana simu wenyewe bila kupitia kwa opereta, naye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wanne. Akalima mahindi, akauza vitenge Tunduma, akamzaa binti yake Marita. Mwaka 2008 Mzee Salum, msafirishaji aliyehamia huku kutoka Tanga, akamwajiri katika yadi yake ya kuegesha malori pale Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma.

Malori hayo yalikuwa yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia. Yadi ilikuwa na kompyuta tatu. Ya getini aliikalia Zuleha, dada aliyeandikisha malori yakiingia. Ya ofisini ilikuwa ya Priska, aliyepanga zamu na kutoa karatasi za kutokea. Ya tatu haikuwa na skrini wala kiti. Ilifungiwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi, na humo ndimo lilimohifadhiwa daftari lote la yadi: lori lipi limeingia lini, na lipi linafuata. Ashraf, fundi wa Mbeya aliyeifunga, aliiita seva. Zuleha na Priska waliifikia kwa waya, kila mmoja akiwa mezani kwake.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa bado haijaachia, Zuleha aliingia ofisini amejikunyata ndani ya kitenge.

“Shikamoo mama Marita. Kompyuta yangu haitaki kuingia kwenye daftari.”

“Marahaba mwanangu. Inasemaje?”

“Inasema seva imekataa kuunganishwa. Na dakika tano zilizopita ilikuwa inaingia vizuri tu.”

Priska akajaribu ya kwake. Ikafunguka, majina ya malori yakajipanga, kisha yakaganda, na maneno yale yale ya kukataliwa yakatokea. Mzee Salum alikuja akasema ni umeme tu, tangu juzi unakatika na kurudi. Ashraf, alipopigiwa simu, alikuwa Sumbawanga kwenye kazi nyingine.

“Mama, izimeni seva, mhesabu hadi thelathini, muiwashe,” alisema.

Wakafanya hivyo. Ikakubali kwa robo saa, ikakataa tena. Wakarudia, safari hii haikufikisha hata dakika kumi. Ashraf akasema huenda seva yenyewe imechoka, na yeye hawezi kufika kabla ya Jumatano.

Huku nje madereva walikuwa wamekwisha kusikia. Bila daftari hakuna karatasi ya kutokea, na bila karatasi geti halifunguliwi. Walisogea ofisini kidogo kidogo, mwishowe wakajaa mlangoni. Mbele yao alisimama Yonasi, dereva Mzambia mwenye shehena ya mbolea.

“Bamayo, mimi zamu yangu ilifika tangu jana, Jumapili, ofisi imefungwa,” alisema, akimwita mama kwa Kibemba. “Leo nisikie kompyuta inaumwa?”

“Pole baba. Zamu yako haijapotea.” Priska akamgeukia Zuleha. “Chukua daftari la karatasi. Muulize kila mmoja: ulipoingia, lori gani lilikuwa limeegeshwa mbele yako? Usiwaulize siku wala saa, watabishana.”

Zuleha akazunguka yadi nzima na kalamu yake. Madereva walianza kusaidiana kukumbuka, huyu aliingia na pancha, yule aliingia ukungu ukiwa umetanda, na kelele zikageuka kuwa mazungumzo. Priska akafunga mlango wa ofisi, akakaa.

Alikuwa na karatasi ambayo Ashraf alimwandikia siku ya kwanza. Ilieleza jinsi ya kuipigia seva hodi: unaandika amri fupi, kisha namba ya seva, na kama ipo hewani inajibu. Akaandika. Seva ikajibu, mara nne, bila kuchelewa. Akafungua programu ya yadi. Ikakataliwa.

Hapo ndipo alipotulia na kufikiri. Kama waya ungekuwa umekatika, au seva imezimika, hodi isingejibiwa kabisa. Hii inajibiwa. Na kukataliwa si sawa na kutojibiwa. Kwenye swichibodi alikuwa amezoea simu inayoita hadi ikakatika yenyewe, na alizoea pia ile inayopokelewa upesi na mtu anayesema, “Hapana, huyo hakai hapa.” Simu ya namna ya pili haikuwa mbovu. Ilikuwa imefika nyumba isiyo yake.

Akainuka, akafungua chumba cha nyuma, akachomoa waya wa seva kwa mkono wake. Akarudi mezani na kupiga hodi tena kwa namba ile ile. Seva ilikuwa haina waya. Haikuwezekana ijibu.

Ikajibu. Mara nne.

Priska akacheka peke yake. Akamwita Mzee Salum.

“Mzee, ona. Nimeichomoa seva, na namba yake bado inaitikia.”

Mzee Salum akaitazama skrini, akautazama waya unaoning’inia. “Sasa nani anaitika?”

“Ndiyo nataka kumjua.”

Nyaya zote za yadi zilikutana kwenye kiboksi kimoja ukutani, kimejaa vitaa vya kijani. Priska akaiacha hodi ikijirudia yenyewe kwenye skrini, akamsimamisha Mzee Salum aitazame, akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Alipochomoa wa getini, majibu yakaendelea. Wa printa, yakaendelea. Akashika waya wa bluu, mpya, usio na vumbi, akauvuta.

“Kimya!” Mzee Salum akapiga kelele. “Amenyamaza!”

Waya ule ulipanda hadi darini ukashukia ofisini kwa Mzee Salum mwenyewe, nyuma ya kabati. Pale kulikuwa na mashine ya kurekodia kamera za ulinzi, iliyofungwa Jumamosi jioni na fundi aitwaye Shadrack. Alikuwa ameipa namba ile ile ya seva bila kujua. Basi kompyuta zilipoita namba hiyo, mara ikapokea seva, mara ikapokea mashine ya kamera, ambayo haikuwa na habari yoyote ya malori.

Priska akaurudisha waya wa seva na kuuacha wa bluu nje. Wakangoja nusu saa. Kompyuta zote mbili ziliingia, zikabaki ndani. Zuleha alipolinganisha daftari lake la karatasi na la kwenye seva, kati ya malori thelathini na nne ni mawili tu yaliyopishana, na madereva wake walikuwa marafiki, wakacheka. Kabla ya adhuhuri Yonasi alikabidhiwa karatasi yake.

“Natotela, bamayo,” alishukuru kwa Kibemba, akiipokea kwa mikono miwili, kisha akaenda kuliwasha lori.

Mzee Salum alitaka kumpigia Shadrack amseme. Priska akamwomba amwachie yeye. Shadrack alifika saa tisa, akasikiliza maelezo yote akiwa ameinamisha kichwa.

“Nilitafuta namba rahisi kukumbuka,” alisema. “Sikuuliza kama ina mwenyewe.”

“Na sisi hatukukuandikia zetu mahali popote. Ungemuuliza nani?” Priska akamvutia kiti. “Kaa hapa, tuipe nyingine.”

Walipomaliza, waliandika kwenye kadi namba ya kila kifaa cha yadi, wakaibandika kando ya kiboksi cha nyaya.

Ashraf alipofika Jumatano hakukuta cha kutengeneza. Alinywa chai, akamsikiliza Priska mwanzo hadi mwisho, na maelezo yalipofika pale pa kuuchomoa waya akaweka kikombe chini.

“Mama, mimi ningebadilisha seva nzima,” akakiri.

Tangu siku hiyo, kila yadi ilipopata tatizo, Ashraf alimpigia Priska kwanza asikie ameona nini, na polepole akamfundisha mengi mengine: jinsi ya kutazama kama seva inasikiliza, kama nywila imepitwa na wakati, kama kuna programu iliyoufunga mlango. Priska aliyaandika yote kwa mwandiko wake wa duara. Zuleha naye akawa anakaa ubavuni mwake akinakili. Mwaka 2013 Priska alipougua mgongo na kulala nyumbani wiki tatu, seva ilikataa mara mbili. Habari hizo alizipata baada ya kurudi kazini, Zuleha alipomsimulia jinsi alivyoirekebisha mwenyewe, wakati wakimenya viazi vya mchana.