Bibi Alivyoupima Mwezi kwa Kifungo

Nilipokuwa mtoto pale Kariakoo, kidole changu cha shahada kiliwahi kuhukumiwa kifo, na hakimu alikuwa mwezi.

Bibi yangu, fundi cherehani wa barazani, alikuwa ameshanionya: "Mwezi haunyooshewi kidole. Kitaoza." Jioni moja nikauona unachomoza kule Mnazi Mmoja, mkubwa kama sinia la pilau. Nikanyoosha! Nilipokumbuka onyo, nikakiuma kidole mara saba kuondoa laana, maana ndiyo dawa tuliyoijua watoto wote wa mtaa.

Kesho yake kikavimba, kinapwita kama kina moyo wake. Mchana nikala kwa mkono wa kushoto, na nyumbani kwetu hilo lilitosha kunikamatisha.

"Bibi, mwezi umenikasirikia. Ulivimba kwa hasira, ukanivimbisha na mimi. Kikikatika nitashonaje?"

Hakunicheka. Akachukua kifungo cha shati, akakifunga uzi. "Wateja hunambia wamenenepa, wamekonda. Nawasikiliza, halafu napima."

Magharibi mwezi ukatoka, mkubwa vilevile. Nikaushikilia uzi shavuni, chini ya jicho. Bibi akarudi kinyumenyume barabarani na kifungo chake, uzi umekaza, huku mimi nikiuachia kidogo kidogo, mpaka kikaufunika mwezi sawasawa.

"Oya bibi, mkokoteni!" akafoka msukuma mkokoteni.

"Subiri, napima mwezi!"

"Suruali yake inatoka lini?"

"Siku utakayokuja kuchukua yako!"

Bibi akapiga fundo pale nilipoushika uzi. Baada ya Isha mwezi ulikuwa juu ya mapaa, umenywea kama kisosi. Tukapima tena, Bibi kapanda stuli. Fundo likaja palepale shavuni.

"Umeona? Mwezi ni uleule, macho yako ndiyo yanaongeza chumvi. Hebu kidole. Ulikiuma?"

"Mara saba."

"Basi aliyekuadhibu ana meno. Mwezi hauna."

Ulikuwa ugonjwa wa mdudu wa kidole, usaha umejaa pale nilipojiuma. Asubuhi zahanati wakaupasua, nikalia mpaka foleni nzima ikanihurumia.

Nimeshazunguka dunia kiasi cha kupoteza mabegi katika mabara matatu. Katika makumbusho moja ughaibuni nikaonyeshwa ufito wenye kisahani kidogo cha kusogezwa. Mama mwelekezaji akasema wanajimu wa kale walikisogeza hadi kiufunike mwezi, wakajua upana wake machoni mwetu. Nikacheka peke yangu, akadhani namdharau. Kumbe nilikuwa namwona Bibi, hajui kusoma hata jina lake, anaifanya kazi ileile huku akigombana na mkokoteni.

Usiku ule wa kifungo nilimuuliza Bibi kama sasa naruhusiwa kuunyooshea mwezi kidole. "Thubutu!" akasema. Alinitoa woga, adabu akaniachia.

Kovu ninalo hadi leo. Mwezi ukichomoza mkubwa, naufunika kwanza kwa kifungo, kisha nawaonyesha wanangu kwa kidevu. Wananicheka sana, na kidole nimekificha mfukoni.