Taarifa Alizopeleka Mume Wangu Midrand

Kabla hatujakimbilia Johannesburg, mume wangu alikuwa afisa wa usalama mashariki mwa Kongo. Kazi yenyewe hakuwahi kunisimulia. Nilijua tu kwamba alikataa kutia sahihi maelezo ya uongo dhidi ya mtu, na wiki ile ile tukavuka mpaka na watoto. Tulipofika Bertrams, mtaa mmoja wa jiji hilo, mimi nikawa nashona nguo chumbani. Yeye akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja Midrand, nje kidogo ya jiji.

Mwaka 2018, uchaguzi wa kwetu ulipokaribia, mwanasiasa mmoja wa upinzani aliyekuwa uhamishoni huku alitangaza kugombea urais. Nasikia ziko nchi ambazo serikali yenyewe humpa mgombea taarifa za siri za usalama, ili akishinda asiingie ikulu kipofu. Wa kwetu hakupewa hata salamu. Ikabidi ajitafutie mtu wa kumwambia njia ipi ni salama na ipi ina mtego. Ndipo watu wake wakasikia habari za mume wangu.

Kwanza walimchunguza. Wasaidizi wawili wa mgombea walikuja Jumapili baada ya ibada, wakakaa kitandani maana viti vilikuwa vimejaa vitambaa. Walimuuliza alimtumikia nani, alimkamata nani, kwa nini aliacha. Kisha wakanigeukia mimi.

"Mama, unamwamini mume wako?"

"Nimezaa naye," nikasema. "Na ninyi, mnamwamini bosi wenu?"

Mmoja alicheka. Mwenzake, wa miwani, hakucheka.

Wakamkubali. Kila Alhamisi akitoka zamu alipitia nyumba aliyopanga mgombea huko huko Midrand, akamweleza hali ya kwetu. Habari nyingi alizipata kwa simu kutoka kwa mdogo wake, fundi aliyetengeneza malori ya jeshi kambini. Mume wangu alianza tena kunyoa ndevu kila asubuhi. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tufike nchi hii.

Mgombea akapanga kurudi na kuhutubia kwenye uwanja wa mpira wa mji wetu. Shemeji akapiga simu: malori yamepeleka askari waliovaa kiraia kwenye shule iliyo nyuma ya uwanja ule.

"Kaka, asikanyage pale. Watu watakufa."

Mume wangu aliipeleka habari hiyo, akarudi hana raha. Mgombea alikuwa amekataa kubadili uwanja. "Nitaaminije maneno ya mtu nisiyemjua?" Mume wangu akasema jina hatoi. Yule wa miwani akambana: angalau ni mtu wa aina gani? Walibishana mpaka akachoka.

"Nimewaambia ni mtu anayetengeneza magari yao," akaniambia. "Basi."

Chakula nilichompakulia hakukigusa.

Mkutano ukahamishiwa upande wa pili wa mji, na hakuna aliyekufa. Tuliusikiliza kwenye simu yangu, sauti inakatika inarudi, umati unapiga vigelegele, mume wangu anatabasamu. Mgombea naye akapandwa na furaha.

"Walitaka kutumaliza kule uwanjani!" akasema. "Lakini tuna watu kila mahali. Hata mafundi wa magari yao wako upande wetu!"

Watu wakashangilia. Mume wangu alikuwa ameshanyakua simu, anampigia mdogo wake. Iliita, iliita tu. Kesho yake haikupatikana kabisa. Kisha mama mkwe akatupigia: watu wamemfuata mwanawe nyumbani, wamemchukua na grisi mikononi.

Siku chache baadaye yule wa miwani alikuja tena Bertrams. Alitoa pole, halafu akasema, "Muzee anataka kujua hali ya barabara ya kaskazini."

"Na mdogo wangu?"

"Tukishinda tutalishughulikia."

Mume wangu akamfungulia mlango atoke. Hakumtukana. Natamani angemtukana.

Hawakushinda. Shemeji hajaonekana, hai wala maiti. Mama mkwe bado hupiga simu, lakini huniomba nisimpe mume wangu simu. Huongea na wajukuu. Wao humjibu kwa Kizulu, naye huitikia tu, ndiyo, ndiyo. Mume wangu hungoja nimalize, kisha huuliza, "Amesema nini?"

Mimi humwambia, "Anakusalimu."