Fundi Anayekataa Kuzima Kompyuta Iliyoganda

Saa tatu asubuhi, dirisha la usajili la hospitali. Kompyuta kuu imeganda kwa mara ya kumi na saba ndani ya miezi miwili. Karani ananyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzimia.

"Dada, usiguse," anasema fundi, akiiunganisha kwa waya na kompyuta mpakato chakavu. "Nipe dakika kumi."

Hapa wamembandika jina la Mama Usizime. Ana watoto wawili, na ndiye fundi pekee wa kompyuta hospitalini.

Bibi aliye mbele ya foleni anamkazia macho. "Mwanangu, mashine imeganda, na wewe umeganda nayo?"

"Nivumilie, bibi. Nikiizima sasa, nimemfukuza shahidi."

Anaeleza kwamba kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya ndani kabisa inayozigawia nyingine kazi, kikiganda hakiwezi hata kuandika kilichokisibu. Ukizima, ushahidi umefutika. Mara zote kumi na sita watu walizima kabla hajafika. Na mkurugenzi ameshasema: isipotengemaa mwezi huu, wanarudi kwenye mafaili ya karatasi, naye atafute kazi kwingine.

Anabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, amri ambayo kiini mara nyingi huisikia hata kikiwa kimeganda. Mistari inamiminika kwenye mpakato. Anaifuata kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

"Hawa hapa." Ni kazi mbili, kila moja imeshikilia ufunguo ambao nyingine inauhitaji. "Kama wageni wawili mlangoni. 'Tangulia.' 'Aa, tangulia wewe.' Hakuna anayeingia."

"Nani kawaleta?" karani anauliza.

"Programu ya kadi mpya ya mtandao, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao. Na niliiweka mimi."

Dakika kumi na nne zimepita. Anamwomba bibi radhi, ndipo anazima.

Jioni ile alirekebisha mistari sita ya programu hiyo, ili funguo zichukuliwe kwa zamu. Leo ni siku ya kumi na mbili, na kompyuta haijaganda. Zamani haikumaliza wiki.

"Sijasema imepona," anasema. "Mwezi ukiisha, nitakwenda kwa mkurugenzi mwenyewe, na kosa langu nitamwambia."

Mistari hiyo amewatumia pia watunzaji wa programu ile, watu asiowajua. Hawajajibu. Jumatatu atawaandikia tena, na Jumatatu itakayofuata.

"Kadi kama hii iko kwenye hospitali nyingine pia," anasema. "Dawa ninayo. Nikae nayo mfukoni?"