Manati ya Goti la Idrisa

Dawa ya kuchulia misuli inanuka kama peremende iliyokasirika, na msimu ule wa mvua nyumba yetu ya mtaa wa Biryogo ilinuka hivyo yote, hadi chapati za mama. Nilikuwa na miaka tisa, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Katika chumba cha uani walifikia Idrisa, rika langu, na mama yake, waliokimbia vita Sudan na bado wakisubiri karatasi za ukimbizi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa kwetu alikuja, kumbe mgonjwa ni yeye. Mguu wa Idrisa ulivunjika njiani, ukakaa kwenye plasta muda mrefu mno, goti likasahau kunyooka.

Kila juma alikuja kwa pikipiki Dokta Silasi, mnyoosha viungo wa shirika lililowatibu wakimbizi bure. Alimwachia Idrisa mpira mrefu wa kijani, auvute kwa unyayo kila siku, akaonya: goti lisiponyooka kabla mvua hazijaisha, atachechemea maisha yake yote. Idrisa alijaribu mara moja tu. "Iko maumivu!" akapiga kelele, Kiswahili chetu alikidaka upesi kuliko mazoezi. Mama yake akabembeleza, mama yangu akahonga kwa chapati, wapi! Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Namna ya kumkunjua hawasemi.

Mimi katika ule mpira sikuona dawa, niliona manati. Nikamlaza Idrisa chali mkekani, miguu juu, nikafunga ncha moja kwenye kila unyayo, nikasimama kichwani pake na kuvuta katikati, na kokwa ya parachichi ndani. Shabaha ilikuwa bati la jirani yetu, fundi cherehani. Lakini kwa kuwa goti moja lilikunjika, kokwa ilikwenda upande, ikatua kwenye beseni la nguo za mama.

"Wewe, bati liko huku, unapiga Kongo!" nikamcheka.

"Vuta, mjinga!" akajibu, meno yameumana, machozi yanamtoka, mguu unapanda. Ikawa hivyo kila tulipotoka shule, na bati likaanza kulia.

Alasiri moja kokwa ilipaa ikavuka bati na lango. Ko! Dokta Silasi akaingia akishika kofia yake ya pikipiki, uso wa mtu anayetafuta wa kuzika. Mama akavua kandambili. Dokta akaona miguu miwili imesimama sawasawa kama minara ya msikiti. Akapiga magoti, akalipapasa goti.

"Nani amekunyoosha?"

Idrisa, msaliti mkubwa, akaninyooshea kidole.

"Pigeni tena," akasema Dokta, akavaa kofia yake vizuri. Mama Idrisa akapiga vigelegele hadi fundi akasimamisha cherehani.

Leo tuko sekondari, karatasi zao zilishatoka, na chumba cha uani kina wapangaji wengine. Zamani tukitembea nilikuwa namsubiri yeye kila kona. Siku hizi namtukana tangu chini ya mlima wa Nyamirambo, kwa furaha ambayo siwezi kumwambia, naye yuko juu kileleni, mikono kiunoni, hata hahemi: "Weye mzee, nije nikubebe?"